Mtambo mmoja wa bayogesi kwa kijiji kizima? Mwenyekiti, anzeni na ng'ombe

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwenyekiti wa kitongoji huku Rungwe, mkoa wa Mbeya. Masika vyoo vyetu vya shimo vinafurika mpaka kijitoni, nguruwe wanazurura, watoto minyoo haiishi. Nimeona video ya gereza la Rwanda wanapikia gesi ya vyooni. Na sisi tunaweza kuchanga tukajenga mtambo mmoja mkubwa, vyoo vyote viingie humo, kila nyumba ivute gesi? Na watu hawataona kinyaa kula chakula kilichopikwa hivyo?

JIBU: Marahaba mwenyekiti. Nimefurahi umeanza na uchafu, maana wengi wanaoniuliza wanaanza na gesi, choo wanakikumbuka mwishoni kabisa fundi akishaondoka. Jibu la haraka ni hili, mtambo mmoja wa kitongoji kizima msijenge. Mitambo midogo, nyumba kwa nyumba, kwa wale wenye ng'ombe wa bandani au nguruwe waliofungiwa, na choo cha nyumba kiingie humo humo, hiyo jengeni hata mwezi ujao. Sasa ntakwambia kwa nini, na hapa inabidi tupige hesabu kidogo, usichoke.

Kinyesi cha mtu mzima kwa siku kikiingia kwenye mtambo kinatoa gesi kama lita 20 hadi 30 hivi. Mtu huyo huyo ili apikiwe chakula chake cha siku anahitaji lita 200 mpaka 300. Yaani mtu anazalisha kama sehemu ya kumi tu ya gesi anayoila. Kwa hiyo hata ukusanye kitongoji kizima, watu 500, mkaachia kila kitu humo bila kubakiza, bado mtapika uji wa asubuhi mkae mnaangaliana mchana. Ndo maana nasema ng'ombe. Kilo moja ya mavi mabichi ya ng'ombe inatoa lita 35 hadi 40, na ng'ombe wa maziwa anayelishwa ndani hakosi kilo 15 kwa siku, wakubwa wanafika 20 na zaidi. Ng'ombe wawili ni kilo 30, hapo una lita 1,000 na ushee, jumlisha watu sita wa nyumba hiyo lita 150, jiko la plate moja linakula lita 300 hadi 400 kwa saa, kwa hiyo mama anapika masaa matatu mpaka manne kwa siku. Hiyo ni chai, mboga, wali, ndizi, maji ya kuoga ya watoto. Maharage makavu yatamshinda siku zingine, tusidanganyane, figa moja la kuni litabaki hapo nje. Nguruwe naye anasaidia ila sio sana, watano wakubwa ndo wanamfikia ng'ombe mmoja.

Sasa hiyo video ya Rwanda. Ni kweli kabisa, sio uzushi. Waliofanya ni chuo cha sayansi na teknolojia cha Kigali, KIST, mtambo wa kwanza wa gereza ulikuwa Cyangugu mwaka 2001, na mwaka 2005 wakapewa tuzo ya Ashden, tuzo ya nishati safi, kule Uingereza kwa kazi hiyo. Lakini sikiliza sehemu ambayo video nyingi hazisemi: gereza lina maelfu ya watu, wako pale pale usiku na mchana, hakuna anayeenda kujisaidia shambani, vyoo vyote viko sehemu moja, jiko liko hatua chache, na kuna uongozi wa kusimamia kila siku. Pamoja na yote hayo, walichookoa ni kama nusu ya kuni. Nusu! Sasa kitongoji chako nyumba ziko huku na kule kwenye migomba, nani atasomba kinyesi? Bayogesi yenyewe haina presha kama ya mtungi, ukiivuta mita 100 kwa bomba jembamba moto unakuwa kama wa kibatari, na Rungwe ninavyoijua mimi nyumba ya jirani iko ng'ambo ya korongo. Alafu kuna lile la binadamu, mtambo ukiwa wa wote siku ya kulisha kila mtu ana msiba. Nishaona mitambo ya vikundi, michango mizuri, sherehe ya uzinduzi na diwani kaja, baada ya msimu mmoja hata hujui nani ana funguo. Mtambo wa nyumbani mama asipoulisha leo kesho moto hamna, hapo hakuna haja ya kamati.

Utaniuliza, kama choo kinachangia gesi kidogo hivyo kwa nini nakiunganisha? Kwa sababu ya kijito chako, mwenyekiti. Shimo la kawaida kwenye eneo linalopata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka ni suala la muda tu kabla maji hayajalijaza na kulimwaga. Mtambo ni chumba kilichojengwa na kupigwa plasta kisivuje, kinyesi kinaingia kwa bomba kinakaa humo miezi miwili kinaoza bila hewa, nzi hawaingii, nguruwe haoni kitu. Na kikubwa zaidi, gesi inamfanya mtu akitunze choo. Choo cha shimo kikipasuka mtu anasema ntarekebisha kiangazi, bomba la choo cha mtambo likiziba linashughulikiwa leo leo. Kampeni za vyoo tumezipitia nyingi nchi hii, Nyumba ni Choo ilianza 2017 na imesaidia kwa kweli, ila choo kilichojengwa kwa kumwogopa bwana afya unakijua, kipo kwa ajili ya bwana afya.

Hapa kwenye nguruwe naomba ukae vizuri maana ndo jambo ambalo hukuniuliza na ndo linaniogopesha kuliko minyoo ya watoto. Mikoa yenu ya nyanda za juu kusini ina tegu wa nguruwe, watafiti wamelisema miaka mingi. Inavyokwenda ni hivi: mtu anakula kitimoto haijaiva vizuri ina vile vijipunje vyeupe kama mchele, tegu anakua tumboni mwake, anatoa mayai kwenye kinyesi, nguruwe anayezurura anakula kile kinyesi porini au kwenye choo kisicho na mlango, mzunguko unaanza tena. Hiyo ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni kwamba yale mayai yakiingia mdomoni mwa mtu, kwa mikono michafu au mboga mbichi au maji ya kijito, mdudu haendi kuwa tegu tumboni, anaweza kwenda kukaa kwenye ubongo, na mtu anaanza kuanguka kifafa. Kwenye vijiji vyenye tegu sehemu kubwa ya kifafa inatokana na hili, na watu wanahangaika kwa waganga wakidhani wamelogwa. Kwa hiyo ukitaka kusafisha kitongoji, kabla ya simenti hata mfuko mmoja, nguruwe wafungiwe. Hiyo haina gharama ya kukushinda, ni sheria ndogo na wewe mwenyewe kuwa mkali kidogo. Na uzuri ni kwamba nguruwe akifungiwa mavi yake nayo yanapatikana kwa ajili ya mtambo.

Na tegu huyo huyo ndo anaamua lile tope linalotoka mtamboni mlipeleke wapi. Wauza mitambo wengi wanasema tope ni mbolea safi haina vijidudu, hapo wanakudanganya kidogo. Kuoza kwa joto la ardhini kunaua bakteria wengi, ila mayai ya minyoo ni magumu, mengine yanashuka chini kwenye mashapo na mengine yanatoka hai. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2006 linataka kinyesi cha watu kihifadhiwe zaidi ya mwaka sehemu zenye joto la nyuzi 20 kwenda juu, na mwaka mmoja na nusu mpaka miwili sehemu za baridi. Nyumba gani itahifadhi tope lita 90 kila siku kwa miaka miwili? Haipo. Basi fanyeni hivi, tope la mtambo wenye choo liende kwenye mitaro ya migomba, parachichi, miti ya mbao, na lifukiwe na udongo siku hiyo hiyo. Kwenye mchicha, karoti, kabichi, hapana kabisa. Na kwenye majani ya ng'ombe pia hapana, hili wengi hawalijui, kuna tegu mwingine ambaye anapitia kwa ng'ombe, ukimwagia majani tope la chooni ukamlisha ng'ombe umemtengenezea njia. Anayetaka mbolea ya bustani ya mboga basi mtambo wake usiunganishwe na choo, ajenge choo pembeni. Mashapo yakichimbuliwa huko baadae yafukiwe shimoni yakae miaka miwili, yasiguswe na watoto.

Ujenzi wenyewe sasa. Aina iliyoenea kwetu ni ile ya kuba la matofali chini ya ardhi, asili yake China, na hapa nyumbani CAMARTEC ya Arusha, kituo cha serikali cha zana za kilimo na teknolojia vijijini, pamoja na Wajerumani walianza kuisambaza miaka ya 80. Kabla ya hapo, mwaka 1975, SIDO, lile shirika la viwanda vidogo, walileta ile ya pipa la chuma linaloelea, ilikuwa nzuri ila chuma kinaliwa na kutu na bei ikapaa. Kuanzia 2009 ukaja ule mpango wa bayogesi ya majumbani uliogharamiwa na Waholanzi, Tanzania na Kenya na Uganda na wengine, ndo uliotuachia mafundi wengi waliopo mtaani leo, kwa hiyo ukitafuta fundi muulize kama alipita kwenye mafunzo hayo au alifundishwa na aliyepita. Kuna mifuko ya plastiki pia, ni rahisi na inafungwa haraka, ila kwenye kijiji chenye mbuzi na watoto wa kurusha mawe mimi siipendekezi, hasa ikiwa na choo ndani.

Kwa nyumba ya ng'ombe wawili na watu sita hesabu ni kilo 30 za mavi, maji lita 30 ya kukorogea, na choo kama lita 30 na maji yake, jumla lita 90 kwa siku. Sehemu za joto siku 40 zinatosha kuoza, kwenu kwenye baridi fikirieni siku 60 hadi 70, kwa hiyo tope peke yake ni zaidi ya mita 5 za ujazo mpaka 6 na kitu, na gesi nayo inataka nafasi yake juu, chukueni saizi ya mita za ujazo 9. Fundi atakayekuletea saizi ya 4 kwa sababu ni rahisi kuuzika mrudishe. Juni na Julai gesi itashuka hata mfanyeje, wale bakteria chini ya nyuzi 15 wanalala. Fukieni kuba vizuri na udongo, pandeni juu yake nyasi tu sio migomba maana mizizi inapasua, mavi yaingie yangali na joto lake asubuhi yasilale nje, na maji ya kukorogea yakae juani kwanza.

Bomba la choo liwe la kwake, lisipite kwenye karo la kukorogea mavi, inchi 4, limenyooka bila kona, mteremko wa kutosha, na sinki la kuchuchumaa lenye shingo ya maji ili harufu na gesi visirudi. Maji ya kumwagia lita 2 au 3 zinatosha, ukifungulia mtu ndoo nzima kila anapoingia unasukuma tope nje kabla halijaoza, utapata gesi kidogo na uchafu mbichi huko mwisho. Bafu lisiingie humo. Sabuni ya unga, Jik, dawa za kuogeshea ng'ombe, hizo zinaua wale bakteria wanaokupikia, choo kisafishwe kwa maji na brashi. Na sasa lile ambalo wahandisi wa mjini hawalijui, magunzi! Huko kwetu watu bado wanatumia magunzi, magazeti, majani, na pampasi siku hizi, vikiingia humo bomba limekwisha. Wekeni kapu lenye mfuniko na vichomwe, au zoeeni maji, ila hili liongeeni wazi kwenye kikao msione aibu, mitambo mingi yenye choo inakufa kwa sababu ya gunzi.

Mvua. Sehemu ya kutokea tope iwe juu kuliko usawa wa ardhi, maji ya paa yaelekezwe kwingine, na mchimbe mtaro upande wa juu wa mlima. Mkikuta maji shimoni wakati wa kuchimba msilazimishe hapo, tafuteni kipande kilichoinuka. Na mtambo usikae karibu na kijito wala chemchemi, mita 30 ni za chini kabisa.

Malipo ya fundi yabakizwe. Kuba ndo moyo wa kazi yote, plasta inapigwa tabaka kwa tabaka ili gesi isipite, akiharakisha tabaka moja gesi yote inakwenda hewani na huwezi kuiona. Kabla ya kumalizia hela ajaze maji mpaka juu, mpige alama, mkague kesho yake kama yameshuka, alafu ajaribu na presha. Kisha hela ya mwisho itolewe siku moto wa bluu umewaka jikoni. Kwa kawaida hiyo itachukua mwezi au zaidi kwenu tangu kujaza mavi, na gesi ya kwanza haiwaki, ni hewa ya ukaa zaidi, iachieni itoke mara mbili tatu msikate tamaa. Ukiweza kupata ndoo kadhaa za tope la mtambo unaofanya kazi ukachanganya, unaanza mapema. Sehemu ya bomba ya chini kabisa iwe na mtego wa kutolea maji, vinginevyo moto utakuwa unaruka ruka.

Mtu asiingie ndani ya mtambo wala kwenye shimo la choo kulisafisha. Nasema tena, asiingie, hata kama limekaa miaka bila kutumika, hata kama kafungwa kamba na wenzake wako juu. Hewa ya mle inaangusha mtu kabla hajapiga kelele, na kinachoumiza ni kwamba anayefuata kumwokoa anabaki huko pia. Kuvuja kwa gesi mnapima kwa povu la sabuni, sio kiberiti, methane, ile gesi yenyewe inayowaka, ikifika asilimia 5 hadi 15 ya hewa ndani ya chumba inalipuka.

Wasio na mifugo je? Hao mwenyekiti usiwauzie ndoto ya gesi. Wajengewe choo kizuri cha kumwaga maji chenye mashimo mawili ya kupokezana, moja likijaa linafungwa linakaa miaka miwili, jingine linatumika, na kwenye maji mengi shimo linyanyuliwe juu kwa matofali badala ya kuchimbwa kwenda chini. Bibi anayeishi peke yake na kuku watatu anahitaji mlango unaofungika na sakafu inayofagilika, gesi baadae. Yale mashimo ya zamani yaliyojaa nayo msiyazoe kupeleka mtamboni, kilichomo kilishaoza gesi yake imeenda zamani, kimebaki mchanga na chupa na vitambaa, vitaziba tu. Fukieni, pandeni mgomba.

Shule hukuniuliza ila najua utaniuliza. Shule ya kutwa watoto wengi wanajisaidia haja ndogo tu wakiwa pale, mkojo mwingi una nitrojeni ya kupita kiasi na gesi inakuwa haba, kwa hiyo kwa choo peke yake haifai. Ya bweni ni habari nyingine, wanafunzi 400 wanalala pale wanakupa kama mita za ujazo 10 za gesi kwa siku, sawa na kama kilo 5 za gesi ya mtungi, haimalizi kupika kwao ila inakata kuni sehemu nzuri, wakiwa na ng'ombe wa shule ndo kabisa. Na serikali ilishaagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziachane na kuni na mkaa, kwa hiyo mkuu wa shule atakusikiliza.

Kuhusu kinyaa, mimi huwa sibishani. Gesi ni hewa, imepita kwenye bomba, imeungua, ile harufu ya yai viza nayo inaungua pamoja nayo, sufuria haijui ilitoka wapi. Lakini maneno hayasaidii, kinachosaidia ni kualika majirani kunywa chai kwa mtu mnayemheshimu. Kama kuna majirani Waislamu, mtambo wa nguruwe na wa ng'ombe muwe wazi upi ni upi, kila mtu aamue mwenyewe, usimfiche mtu.

Hela mwisho. Bei inafuata simenti na usafiri wa matofali, kwa hiyo mwambie fundi akupe orodha ya vifaa, nyie nunueni wenyewe kwa pamoja, nyumba tano zikinunua simenti siku moja gari ni moja. Mchanga, mawe, kuchimba ni nguvu zenu. Kuna mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034, unataka asilimia 80 ya Watanzania wafikiwe, kwa hiyo mpige hodi halmashauri na kwa Wakala wa Nishati Vijijini muulize kilichopo kwa bayogesi mwaka huu wa fedha. Ila msikae mnasubiri. Kwenu maziwa yanauzwa kwenye vituo vya kukusanyia, ongeeni na ushirika mtu akatwe kidogo kidogo kwenye hela ya maziwa, ng'ombe ndo analipia mtambo wake.

Kikao kijacho fanya sensa tu, nani ana ng'ombe wangapi wa bandani, nani ana maji karibu, nani choo chake kinamwaga kijitoni. Wale wenye yote matatu ndo waanze, wakiwa wanne watano inatosha kwa mwaka wa kwanza. Niandikie majibu ya sensa hiyo pamoja na umbali wa kijito kwa kila nyumba, ntakupigia hesabu ya saizi moja moja.